Kompyuta yenye Windows na Linux ikikataa kuamka: mwongozo kwa ofisi za parokia



Katika ofisi zetu nyingi za kanisa na za shule kuna kompyuta moja yenye mifumo miwili: Windows kwa kazi zilizozoeleka, na Linux, mara nyingi Ubuntu, kwa sababu haisumbuliwi sana na virusi vya fulashi na inakubali mashine za zamani. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida, wengine wameongeza Linux kwa sababu mashine yao haina masharti ya Windows 11. Mpango huo ni mzuri. Lakini una mlango mmoja ambao mifumo yote miwili inapitia, na mlango huo ukiharibika, ofisi nzima inasimama.

Tunaandika mwongozo huu kwa sababu ya jambo moja zito. Mashine ikikataa kuamka, jibu la kwanza linalotolewa mara nyingi ni kufomati diski na kuanza upya. Mashine inaamka kweli, lakini daftari la ubatizo, orodha ya ndoa, alama za wanafunzi, hesabu za sadaka na majina ya familia zilizohama vinakuwa vimefutika. Katika sehemu zetu, ambako karatasi zimeungua au zimeachwa njiani wakati wa kukimbia, faili ya kompyuta inaweza kuwa nakala pekee iliyobaki. Kwa hiyo mlango ukikwama, tusibomoe nyumba.

Kompyuta inaamka namna gani

Ukibonyeza kitufe cha kuwasha, programu ndogo iliyo katika ubao mama ndiyo inayoanza. Kwenye mashine za zamani inaitwa BIOS. Kwenye mashine za sasa ni UEFI. Inakagua kibodi, memori na diski, kisha inatafuta programu ya pili, yaani butiloda. Hii ndiyo inayouita mfumo endeshi. Butiloda ya Linux kwa kawaida ni GRUB. Ndiyo inayoonyesha menyu ya kuchagua kati ya Ubuntu na Windows. Ya Windows inaitwa Windows Boot Manager.

Kwenye BIOS, mwanzo wa butiloda unakaa katika baiti 512 za kwanza za diski, sehemu inayoitwa MBR. Nafasi hiyo inamtosha mmoja tu: Windows ikijiandika hapo, GRUB inaondoka. Kwenye UEFI mambo ni mapana zaidi. Kuna sehemu ndogo ya diski ya aina ya FAT32, inaitwa ESP, na kila mfumo una folda yake humo: EFI/Microsoft na EFI/ubuntu. Ubao mama unaweka orodha ya nani aitwe kwanza. Kwa hiyo kwenye UEFI mara nyingi hakuna kilichofutika. Ni orodha tu imebadilishwa.

Faili zako haziko ndani ya butiloda. Ziko katika sehemu nyingine za diski. Butiloda inaweza kuharibika kabisa huku kila faili ikiwa salama mahali pake.

Kwanza soma, halafu andika

Kabla ya kugusa kitu, soma maneno yaliyo kwenye skrini na uyapige picha kwa simu. Maneno hayo yanaonyesha hatua gani imekwama.

1. Inafungua Windows moja kwa moja, menyu ya GRUB haionekani: orodha ya UEFI imebadilika, au Windows imejiandika juu ya GRUB.
2. Skrini nyeusi yenye neno "grub>": GRUB imeanza lakini haioni faili yake ya menyu.
3. Maneno "grub rescue>" pamoja na "no such partition" au "unknown filesystem": GRUB haioni sehemu ya Linux. Mara nyingi mtu ameifuta au ameibadilisha ukubwa akiwa ndani ya Windows.
4. Menyu ipo, lakini Windows haimo.
5. "Verifying shim SBAT data failed: Security Policy Violation": ni ulinzi wa Secure Boot unaoikataa butiloda ya Linux.
6. "No bootable device" au maneno yanayofanana nayo: ubao mama hauoni butiloda yoyote, au hauoni diski yenyewe.

Kisha okoa faili

Tayarisha fulashi yenye Ubuntu, ile wengi wetu tunaiita kle. Iwe na gigabaiti 8 au zaidi, na itengenezwe kwenye kompyuta nyingine kwa programu kama Rufus. Ichomeke, washa mashine, na ubonyeze haraka kitufe cha kuchagua mahali pa kuanzia: kwenye Dell na Lenovo nyingi ni F12, kwenye HP ni Esc kisha F9, kwenye Asus ni Esc au F8, kwenye Acer ni F12. Chagua fulashi, halafu chagua "Essayer Ubuntu". Usichague kusakinisha.

Ubuntu ikifunguka, fungua kidhibiti cha faili. Utaona sehemu za diski, pamoja na ile ya Windows. Nakili folda za ofisi kwenye diski ya nje. Ikiwa sehemu ya Windows inakubali kusomwa tu, usilazimishe kuandika. Kusoma kunatosha kwa kunakili. Ikiwa inaomba ufunguo wa BitLocker, utahitaji ile namba ya tarakimu 48. Kwa kawaida inapatikana katika akaunti ya Microsoft iliyotumika kwenye mashine hiyo.

Diski ikitoa mlio wa kugonga, au kunakili kukikwama kila mara, tatizo si butiloda bali ni diski inayokufa. Fungua programu ya diski ndani ya Ubuntu na uangalie taarifa za SMART. Hapo usifanye matengenezo yoyote. Okoa kinachookoka kwanza.

Hali ya 1: Windows inafunguka peke yake

Zima mashine, iwashe tena na uingie katika mipangilio ya ubao mama, kwa F2, F10 au F1 kulingana na mashine. Tafuta orodha ya kuanzia. Ukiona "ubuntu", iweke juu ya "Windows Boot Manager", hifadhi na utoke. Mara nyingi kazi inaishia hapo.

Ikiwa "ubuntu" haimo, au mashine ni ya BIOS, rudisha GRUB kwa fulashi. Fungua terminali na uandike kwanza:

ls /sys/firmware/efi

Ikijibu kwa orodha, fulashi imeamka kwa njia ya UEFI. Ikisema folda haipo, imeamka kwa BIOS. Fulashi lazima iamke kwa njia ile ile ambayo mifumo ilisakinishwa nayo. Hili ndilo linalowakwamisha wengi. Kisha:

lsblk -f

Tafuta sehemu ya Linux, yenye aina ext4, na ile ndogo ya ESP, yenye aina vfat. Tuseme Linux iko /dev/sda5 na ESP iko /dev/sda1. Kwenye diski mpya majina yanaweza kuwa kama /dev/nvme0n1p5. Tumia majina ya mashine yako:

sudo mount /dev/sda5 /mnt
sudo mount /dev/sda1 /mnt/boot/efi
for i in dev proc sys run; do sudo mount --rbind /$i /mnt/$i; done
sudo chroot /mnt
grub-install
update-grub
exit

Kwenye mashine ya BIOS, acha mstari wa pili, na badala ya "grub-install" peke yake andika "grub-install /dev/sda", bila namba ya sehemu. Halafu washa mashine upya. Njia hii haihitaji intaneti, maana kila kitu kimo tayari katika Ubuntu iliyosakinishwa. Wenye intaneti wanaweza kutumia programu ya Boot-Repair, ambayo inafanya kazi hiyo hiyo kwa kubonyeza kitufe kimoja.

Hali ya 2 na ya 3: "grub>" na "grub rescue>"

Hapa kuna jambo linalowahusu watu wa Kongo hasa. Kibodi zetu nyingi ni za Kifaransa, AZERTY, lakini GRUB katika hali hii inazisoma kama za Kiingereza, QWERTY. Unabonyeza herufi moja, inatokea nyingine, na mtu anadhani mashine imeharibika zaidi. Kwenye kibodi ya AZERTY fanya hivi:

Ili kupata a, bonyeza Q. Ili kupata q, bonyeza A.
Ili kupata w, bonyeza Z. Ili kupata z, bonyeza W.
Ili kupata m, bonyeza kitufe cha mkato (,).
Ili kupata mkato, bonyeza kitufe cha nukta-mkato (;).
Ili kupata nukta, bonyeza kitufe cha nukta mbili (:).
Ili kupata mstari wa mshazari /, bonyeza kitufe cha alama ya mshangao (!).
Ili kupata mabano ya kufungua, shika Shift na kitufe cha 9. Ya kufunga, Shift na kitufe cha 0.
Tarakimu zinapatikana bila Shift. Alama ya = iko mahali pake.

Sasa andika "ls". Utaona majina kama (hd0,gpt1) na (hd0,gpt5). Jaribu moja baada ya jingine:

ls (hd0,gpt5)/boot/grub

Ile inayojibu kwa orodha ya faili ndiyo sehemu ya Linux. Ikiwa uko kwenye "grub>", andika:

configfile (hd0,gpt5)/boot/grub/grub.cfg

Ikiwa uko kwenye "grub rescue>", andika mistari minne:

set root=(hd0,gpt5)
set prefix=(hd0,gpt5)/boot/grub
insmod normal
normal

Menyu itatokea. Ingia Ubuntu, na mara moja fungua terminali uandike "sudo grub-install" kwenye UEFI, au "sudo grub-install /dev/sda" kwenye BIOS, kisha "sudo update-grub". Bila hivyo, kesho asubuhi utarudi pale pale.

Ikiwa hakuna sehemu yoyote inayojibu, huenda Linux imefutwa. Windows bado inaweza kuwa nzima. Kwenye UEFI, tumia kitufe cha kuchagua mahali pa kuanzia na uchague "Windows Boot Manager". Kwenye BIOS, anza na fulashi ya kusakinisha Windows, chagua kurekebisha kompyuta, kisha "Dépannage" na "Invite de commandes", na uandike "bootrec /fixmbr". Amri hii inaiondoa GRUB katika MBR, kwa hiyo usiitumie kama Linux bado ipo na unaihitaji.

Hali ya 4: Windows haimo katika menyu

Usifikiri kwamba Windows imepotea. Tangu GRUB 2.06, iliyotoka mwaka 2021, kazi ya kutafuta mifumo mingine imezimwa kwa kawaida, kwa sababu za usalama. Ndani ya Ubuntu, fungua faili hii:

sudo nano /etc/default/grub

Ongeza mstari huu mwishoni, uhifadhi, halafu utoke:

GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false

Kisha andika "sudo update-grub". Utaona neno "Windows Boot Manager" likitajwa. Ikiwa halitajwi, angalia kama mfumo mmoja ulisakinishwa kwa UEFI na mwingine kwa BIOS. GRUB ya njia moja haiwezi kuita mfumo wa njia nyingine. Hapo itabidi kuchagua mfumo kupitia menyu ya ubao mama.

Hali ya 5: Secure Boot inakataa

Secure Boot ni ulinzi wa UEFI unaokagua sahihi ya kila butiloda kabla ya kuiruhusu. Mwezi Agosti 2024, sasisho la Windows liliongeza orodha ya butiloda za zamani zisizokubaliwa, na mashine nyingi zenye mifumo miwili zikaacha kufungua Linux siku hiyo hiyo. Dawa yake ni hii. Kwanza hakikisha unao ufunguo wa BitLocker, kama Windows inautumia, maana kubadilisha Secure Boot kunaweza kuifanya Windows iudai. Kisha ingia mipangilio ya ubao mama na uzime Secure Boot. Fungua Ubuntu na uandike:

sudo mokutil --set-sbat-policy delete

Washa upya, ingia Ubuntu mara nyingine, na usasishe programu zote. Baada ya hapo unaweza kuiwasha tena Secure Boot.

Hali ya 6: Hakuna kinachoonekana

Angalia kama diski inatajwa katika mipangilio ya ubao mama. Ikiwa haitajwi, fungua mashine na ukaze kebo, au uitoe diski na kuirudisha. Ikiwa inatajwa, angalia tarehe. Mashine inayorudi mwaka wa zamani kila umeme ukikatika ina betri ndogo iliyokufa katika ubao mama. Kwenye kompyuta nyingi ni CR2032 ya volti 3. Betri hiyo ikifa, mipangilio inaweza kupotea: UEFI inageuka BIOS, au namna ya kusoma diski inabadilika, na butiloda haionekani tena. Badilisha betri, rudisha mipangilio ya awali, na mifumo itarudi bila kugusa diski. Pale umeme unapokatika mara kwa mara, tuanze na betri hii kabla ya kushuku mengine.

Mambo mawili yanayofanana na ugonjwa

Saa ikipotoka kila ukitoka Linux kwenda Windows, butiloda haihusiki. Linux inahesabu saa ya ubao mama kama saa ya ulimwengu, Windows inaihesabu kama saa ya mahali. Goma, Bukavu, Uvira na Bunia tuko saa 2 mbele ya saa ya ulimwengu, kwa hiyo tofauti ni saa 2 kamili. Ndani ya Ubuntu andika "timedatectl set-local-rtc 1" na yatapatana.

Na Ubuntu ikikataa kuandika kwenye sehemu ya Windows, sababu mara nyingi ni kuanza haraka kwa Windows, "démarrage rapide". Windows haizimi kabisa. Inalala nusu na kuacha diski imefungwa. Katika terminali ya Windows, kama msimamizi, andika "powercfg /h off".

Ili isitokee tena

Usiondoe Linux wala kubadilisha ukubwa wa sehemu zake ukiwa ndani ya Windows. Usizime mashine wakati wa masasisho. Kama umeme si wa kuaminika, subiri siku ambayo betri ya kompyuta imejaa au jenereta inawaka. Weka ofisini fulashi moja ya Ubuntu, imeandikwa jina lake, isitumiwe kwa nyimbo wala picha. Andika kwenye karatasi kama mashine ni ya UEFI au BIOS, majina ya sehemu za diski, na ufunguo wa BitLocker. Funga karatasi hiyo pamoja na vitabu vya hesabu. Mtu zaidi ya mmoja ajue ilipo.

Fundi akiitwa, mwambieni mbele ya mzee mmoja wa kanisa: faili kwanza, na hakuna kufomati bila ruhusa ya ofisi. Hatusemi hivyo kwa kumdharau. Fundi mwema atafurahi kujua kilicho ndani ya mashine kabla ya kuigusa. Nehemia alipofika Yerusalemu alizunguka usiku na kuukagua ukuta uliobomoka kabla ya kumwambia mtu yeyote kazi ianze.

Zaidi ya yote, tuwe na nakala mbili. Katika Yeremia sura ya 32 nabii ananunua shamba wakati mji umezingirwa na majeshi. Hati ya kununua iko kwa namna mbili, moja imetiwa muhuri na nyingine iko wazi, na Baruku anaagizwa aziweke katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Vita ilikuwa mlangoni, lakini hati zilitunzwa kwa sababu watu wangerudi na kuzihitaji. Kwetu, chombo cha udongo kinaweza kuwa diski ya nje inayokaa katika nyumba nyingine, ikipokea nakala kila Jumamosi kabla ya ibada, pamoja na kitabu cha karatasi kinachoendelea kuandikwa kwa kalamu. Mtoto aliyebatizwa leo anaweza kuja baada ya miaka 20 kuomba cheti chake.

Parokia ambayo bado haina nakala ya pili ianze wiki hii, kabla ya mashine kukataa kuamka. Bwana awabariki katika utumishi wenu.